Mikono Iliyonikanda

Elieshi alinipigia simu asubuhi nikiwa napeta mchele, akaniambia mama yake amefariki. Sikushtuka, maana Mama Lyanga alikuwa amevuka tisini na kwa miezi mingi alikuwa hapokei kitu ila uji. Nikaanza kumpa pole, akanikatiza kwa adabu. "Samahani, Mwalimu. Kuna neno aliliacha. Amesema mwili wake wauoshe akina mama wa kanisani, lakini mikono uioshe wewe. Kwa hiyo tunakungoja." Nikamwambia nakuja. Nilipokata simu nilibaki nimekaa na ungo mapajani, na mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe chini ya mbavu, mahali penye kovu. Nina miaka sabini na kitu, nimemzika mume wangu na wadogo zangu wawili, na sidhani kama naogopa kufa kuliko watu wengine. Lakini kuna woga wa mwaka mmoja ambao haukunitoka. Ukitajwa tu Misigiri, au nikisikia harufu ya samli inayopashwa moto, tumbo langu hujikaza kana kwamba kuna mtu anataka kunigusa.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Yatosha kusema nilikulia Kinyangiri, kwenye mbuzi na mbwa, nikasoma nikawa mwalimu, na kituo changu cha kwanza kikawa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Misigiri. Watu walikuwa ndiyo kwanza wamehamia. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwenye mstari ulionyooka kama daftari, nyingi hazijaezekwa, na nyumba ya mwalimu ilikuwa msingi wa mawe ambao watoto waliuchezea. Mwenyekiti wa kijiji akanipeleka kwa Mama Lyanga, mjane aliyekuwa na tembe la zamani ambalo mstari mpya ulilikuta hapo hapo likaachwa. Chumba changu kilikuwa na paa la udongo lililokuwa chini kiasi kwamba nilivaa kilemba ili vumbi lisinijae nywele. Ukuta mmoja nilishirikiana na ndama, na usiku nikiwasikia wanavyopumua nilikuwa nafarijika, kwa sababu nilikuwa mwoga kupita kiasi. Niliogopa fisi, niliogopa mkaguzi wa shule, niliogopa hata wazee waliokuja darasani jioni kujifunza kusoma. Mbwa wawili wa Mama Lyanga walilala kizingitini pangu, na mimi niliwapenda, nikawalisha kwa mkono wangu mabaki ya ugali wa uwele, kisha mkono huo huo nikaupangusa kwenye kanga na kuendelea kula.

Miezi michache baadaye tumbo langu la juu, upande wa kulia, likaanza kujaa. Halikuuma. Lilikuwa zito tu, kama mtu aliyekula akashiba na shibe ikakataa kuondoka. Mwalimu msichana asiye na mume, tumbo linajaa, kijiji kizima kimekaa kwenye mistari miwili kinakutazama ukienda kisimani. Msomaji ataelewa maneno yalivyokimbia. Mama Lyanga ndiye aliyeyakata. Aliniita chumbani kwake mchana mmoja nikitoka shule, akanilaza juu ya ngozi ya ng'ombe, akaweka viganja vyake tumboni pangu, akafumba macho. Alikuwa mkandaji. Watu walimletea wajawazito, watoto walioanguka, wanaume walioteguka kiuno kwenye shamba la kijiji, na mikono yake, mipana, mikavu, yenye vidole vilivyopinda kidogo kwa kazi, ilijua mengi kuliko yeye mwenyewe alivyoweza kueleza. Akafumbua macho. "Mtoto hajifichi chini ya mbavu," akasema. "Hii ni bandama." Nikamwambia kwa woga kwamba shuleni tulifundishwa bandama iko kushoto. Akacheka. "Basi yako imehama, mwanangu, kama sisi tulivyohamishwa. Tutairudisha." Kesho yake aliwaambia wanawake kisimani, kwa sauti ya kusikika mbali, kwamba atakayemsingizia mwalimu mimba aje kwake akamweleze yeye.

Ndivyo tulivyoanza. Kila siku nikitoka shule alipasha samli kwenye kigae, akanikanda. Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu adhani nilikuwa nateswa: nilikuwa naingoja saa ile kuliko chakula. Nilikuwa mbali na kwetu, naogopa kila kitu, na hapo kulikuwa na mwanamke aliyeniita mwanangu na kunishika kama kitu cha thamani. Alianza taratibu kuzunguka kitovu, halafu akapanda mbavuni, akawa anabonyeza kwa vidole gumba, anasukuma kile kitu kigumu kwenda kushoto kilikostahili kuwa. Elieshi, aliyekuwa darasa la pili, alikaa mlangoni akifanya hesabu zangu na kunitazama. Nje tulisikia ndama na watu wakipita na majembe. Baada ya hapo tulikula, mlenda na maziwa ya mgando, na Mama Lyanga aliniuliza kama naona unafuu. Nilisema naona. Na kwa kweli niliona.

Tulipomaliza kuvuna shamba la kijiji wakachinja mbuzi wengi kwa mara moja, na akina mama wakakaa kwenye kivuli cha ghala wakisafisha matumbo. Nilikaa karibu na Mama Lyanga. Alichukua ini, akaligeuza, na pale pembeni pakawa na vifuko viwili vya maji, vyeupe, vimekaza, kila kimoja kama yai la kanga. Hakuna aliyeshangaa. Sisi wafugaji tunavijua vifuko hivyo tangu utotoni. Tunaviita maji ya mbuzi, tunavikata, tunavitupa. Nyumbani kwetu Kinyangiri sisi watoto tulikuwa tunavigombania, tunavirusha juu, na mbwa wanavidaka kabla havijatua. Mama Lyanga alivikata kwa kisu, akavitupia wale mbwa wangu wawili, nao wakavimeza wakatikisa mikia. "Wanyamaze kidogo," akasema, akakata kipande cha ini lililobaki akanitengea mimi, kwa sababu mgonjwa hupewa ini. Nilikula nikiwa na mkono mwingine tumboni.

Wiki ile ile, siku ya Alhamisi, Mama Lyanga aliamua kukanda kwa nguvu zaidi kwa sababu bandama ilikuwa mkaidi. Akabonyeza, nikasikia ndani kitu kama kamba iliyolegea ghafla. Hakikuuma sana. Lakini kabla sijainuka viganja vikaanza kuniwasha, halafu miguu, halafu kichwa chote, na mabaka mekundu yakanitoka mwili mzima, midomo ikavimba, pumzi ikawa nyembamba. Namkumbuka Mama Lyanga akisema jina langu, "Naomi, Naomi," yeye ambaye hakuwahi kuniita kwa jina, na Elieshi akilia. Halafu sikumbuki. Nilipozinduka nilikuwa nyuma ya lori lililokuja kuchukua mahindi ya kijiji, kichwa changu kikiwa mapajani mwa Mama Lyanga, na lori likiruka kwenye mawe. Walidhani ni ini la mbuzi limenidhuru. Yeye mwenyewe alidhani hivyo.

Hospitali ya misheni ilikuwa na daktari mmoja tu, mama wa kizungu aliyekaa huku miaka mingi hata nywele zikaisha rangi. Watu walimwita Bibi Daktari. Kinyiramba chake kilikuwa cha wazee, chenye heshima ndefu, na kilinishinda mimi mwenye lugha. Alinisalimia, akanipima, akaweka mkono mbavuni pangu kwa wepesi wa mtu anayepapasa kidonda, na uso wake ukabadilika. Akaondoa mkono haraka. "Kuna mtu alikubonyeza hapa kabla ya mabaka kutoka?" akauliza. Mama Lyanga alikuwa amesimama mlangoni na furushi langu. Ilijulikana wazi kwamba Bibi Daktari hakuwataka wakandaji. Manesi walikuwa wakiwatoa wodini hadharani, na huko vijijini mwenyekiti naye aliwasema kwenye mikutano. Nikamwona Mama Lyanga anafungua kinywa ajibu. Mimi nilikuwa msichana niliyelelewa vizuri, na mtu mzima aliyekulisha na kukulaza humshtaki mbele ya watu. Nikawahi. "Hapana, Bibi. Nilianguka juu ya jiwe." Mama Lyanga akafunga kinywa. Alinitazama kwa shukrani, halafu akanikonyeza kidogo, kama watu wawili wenye siri yao. Sikujua kwamba kwa uongo ule nilikuwa nimemfungulia mlango.

Kesho yake, baada ya kunipiga picha ya eksirei, Bibi Daktari aliketi kitandani pangu akanieleza yote, na Mama Lyanga hakuwapo. Alikuwa nje kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa. Alisema ndani ya ini langu kuna mfuko wa maji, na mfuko ule ni mtoto wa mnyoo, tegu wa mbwa. Tegu mwenyewe ni mdogo sana, anakaa kwenye utumbo wa mbwa, na mayai yake yanatoka na mavi, yanashika manyoya, mikono, chakula. Yakiingia kwa mbuzi yanajenga mfuko. Mbwa akila mfuko wa mbuzi anapata tegu. Mtu hahitajiki kabisa kwenye safari hiyo, akasema, mtu huingia kwa bahati mbaya tu, na si wengi ambao mfuko hukua hadi kufikia hapa. Alisema huenda ulikuwa ndani yangu tangu nikiwa mtoto. Nikawaza vile vifuko tulivyorusha Kinyangiri, na ini nililokula kwenye kivuli cha ghala, ingawa hilo alisema halina hatia. Halafu akapunguza sauti. Ndani ya maji yale mna vichwa vya minyoo, vidogo kama mchanga laini. Mfuko ukipasuka vinaenea tumboni, na kila kimoja kinaweza kujenga mfuko wake. Na mwili wenyewe, ukiyaonja maji yale kwa ghafla, unaweza kukataa: koo linafunga, moyo unasimama. "Yale mabaka yalikuwa onyo," akasema. "Nadhani kidogo kilivuja. Usianguke tena. Usibebe kitu, usikohoe kwa nguvu. Asikubonyeze mtu yeyote, hata mimi." Wakati ule hapakuwa na vidonge vyake, kama ninavyosikia vipo siku hizi. Ilikuwa kisu tu, na kwa kisu ilibidi kumngoja daktari mwingine wa kumsaidia, aliyekuwa mbali.

Ningoje, basi. Sijawahi kuogopa namna ile, kabla wala baada. Nililala chali nikiitazama dari nyeupe ya wodi, nikiwa nimeshika pande mbili za kitanda, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa na hana mahali pa kuutua. Kila chafya ilinitoa jasho. Mtoto wa kitanda cha jirani akikimbia kwenye ile njia ya katikati nilikuwa namkemea kwa ukali hadi mama yake akaninunia. Usingizi ukinichukua niliota vidole gumba. Nilijiuliza ni mara ngapi: kila siku ya shule, wiki baada ya wiki, mikono ile ilisukuma mfuko ule kwa upendo wote, na mimi nikisema naona unafuu.

Na mikono ile ilikuwa nje tu, inanipikia. Mama Lyanga alikataa kurudi kijijini. Alilala kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, akaniletea uji wa uwele asubuhi, ugali na maharage mchana, na kila mara ndani ya kikapu chake, chini ya kitambaa, palikuwa na kibuyu kidogo cha samli. "Hawa hawataki tukande," alininong'oneza siku ya kwanza, "lakini tutapata nafasi." Nikamwambia daktari amekataza. "Daktari hukataza kila kitu. Alikataza hata watu wasilale chini." Siku ya pili nikasema nina homa, ya tatu kwamba nesi yuko karibu, na siku nyingine nilijifanya nimelala huku nikisikia amekaa pembeni, anangoja, anapumua. Ningeweza kusema sentensi moja tu: mama, ukinibonyeza nitakufa. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na ndugu yake nyuma yake, kwamba tayari alikuwa amenibonyeza, na hiyo sikuweza. Nilimwogopa mama yule kuliko nilivyoogopa kisu. Nilimwogopa na nilimpenda, vyote kwa wakati mmoja, na aibu ya jambo hilo ilinikosesha chakula.

Jumapili manesi wengi walikwenda kwenye ibada, na wodi ikanyamaza. Nilikuwa nimesinzia kweli. Nilichosikia kwanza ni harufu. Nikafumbua macho, nikamwona Mama Lyanga amekwisha kulifunua shuka, viganja vyake vinang'aa, na anasema kwa sauti ya chini, ile ile ya kila mchana, "Legeza tumbo, mwanangu." Nikapiga kelele. Sikumwambia kwa adabu, wala kwa sababu. Nilipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka: "Usiniguse! Usiniguse na mikono yako!" Wodi nzima ikageuka. Mtoto wa jirani akaanza kulia. Mama Lyanga alibaki amesimama, mikono mbele yake, samli inadondoka kutoka kwenye vidole hadi kwenye saruji, tone, tone, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu aliyepigwa na asiyejua kapigwa na nani. Akajipangusa kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja. "Haya, Mwalimu," akasema. Alikuwa hajaniita Mwalimu tangu siku niliyolala kwenye ngozi yake.

Sista Ruth, nesi aliyebaki zamu, alikuja mbio, akaona samli, akaelewa. Jioni hiyo Bibi Daktari alimwita Mama Lyanga kwenye kile chumba kidogo cha kufungia vidonda, ambacho kilitengwa na kitanda changu kwa pazia tu, na niliyasikia yote. Aliongea naye Kinyiramba cha polepole, kama binti anayeongea na mama mkwe wake. Alimweleza mfuko, mbwa, maji. Mwishowe Mama Lyanga akauliza, "Yale mabaka. Siku ile. Ni mimi?" Bibi Daktari angeweza kusema hajui. "Ndiyo," akasema. "Kwa hiyo nilikuwa namuua, naye akadanganya kunificha," Mama Lyanga akasema. "Ulikuwa hujui, mama." "Mikono yangu inajua. Nimekanda tangu mume wangu yu hai, mikono yangu inajua." Ndipo Bibi Daktari akasema kitu ambacho hakuniambia mimi. Alisema miaka ya nyuma, akiwa hospitali nyingine, aliletewa mchungaji wa ng'ombe mwenye uvimbe kama huu. Akadhani ni jipu la ini, akatia sindano avute usaha. Yakatoka maji meupe, safi kama ya mtungi, na yule mtu akafa kabla sindano haijatoka. "Mimi nilisoma miaka mingi," alisema, "na mikono yangu haikujua." Halafu nikasikia mtu mmoja anapenga kamasi, na hadi leo sijui alikuwa nani kati yao. Mimi nililala upande wangu wa pazia nimeshika tena pande mbili za kitanda, maana sasa nilijua kwamba hata aliyekuwa anakuja kunipasua aliogopa.

Asubuhi Mama Lyanga hakuja. Uji niliupata kwa Sista Ruth, ukanishinda. Siku ya tatu akatokea, miguu imejaa vumbi hadi magotini, na kichwani amebeba mfuko wa ngozi. Hakuja kitandani pangu. Alipita moja kwa moja kwa Bibi Daktari. Alikuwa amesikia kutoka kwa Sista Ruth kwamba wakati wa kupasua, ini hufunikwa pande zote kwa vitambaa vilivyolowekwa kwenye maji makali ya chumvi, ili tone likimwagika vile vichwa vya minyoo vife. Basi alikuwa amekwenda hadi ufukwe wa ziwa Kitangiri, kwa akina mama wanaokwangua udongo wa chumvi na kuuchemsha, akakaa nao, akachuja mwenyewe mara tatu kwa kitambaa, akaleta chumvi nyeupe, safi kabisa. Bibi Daktari aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Nitasema hapa jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka yote. Chumvi ya chumba cha upasuaji ilikuwa tayari kabatini, imepimwa. Sista Ruth aliniambia baadaye huku akicheka kwamba ile ya Kitangiri ilikwenda jikoni, na maharage ya wodi yalinoga mwezi mzima. Mama Lyanga aliwasimulia watu hadi uzeeni kwamba chumvi yake iliua minyoo ya mwalimu. Kila aliposimulia mbele yangu niliitikia.

Daktari wa pili alifika, na siku ikafika. Waliponisukuma kuelekea chumba cha upasuaji, Mama Lyanga alikuwa amesimama ukumbini, mikono ameificha chini ya kanga. Akasogea. "Mwalimu," akasema, "niruhusu niweke mkono tu. Sibonyezi. Nikuombee." Ningependa kuandika kwamba nilimruhusu. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa naenda kupasuliwa na mtu niliyejua aliwahi kuua, na mwili wangu haukujua tofauti kati ya kuweka na kubonyeza. Nikavuta shuka hadi shingoni, nikatikisa kichwa. Akarudi nyuma akasimama ukutani. Ndani kulikuwa na baridi na harufu kali ya dawa ya usingizi. Wakaniambia nihesabu, mimi nikaita mahudhurio ya darasa la pili, nikafika kwa Elieshi.

Waliutoa mfuko wote bila tone kumwagika, ndivyo walivyosema. Nilionyeshwa utando wake kwenye chupa, mweupe, laini, kama ule wa ndani ya ganda la yai lililochemshwa. Lakini Bibi Daktari hakunipa ahadi. "Kilichovuja siku ya mabaka sikukiona, na siwezi kukitafuta. Ukipita miaka mingi bila uvimbe, utulie." Niliolewa, nikabeba mimba tatu, na kila mimba ilipoanza kuonekana nililia, nikisema si mtoto, ni kile. Hapakuwahi kurudi kitu. Hata hivyo woga haukuwahi kuniamini.

Nilirudi kwa Mama Lyanga kumalizia mwaka. Tulikula pamoja, tulicheka pamoja, na mbwa wale waliendelea kulala kizingitini, ila sasa niliosha mikono hadi ngozi ikachubuka. Siku za kuchinja alichimba shimo refu mwenyewe, akafukia kila kifuko cha maji, na watoto waliovinyemelea aliwafukuza kwa fimbo. Na hakukanda tena. Walikuja kumwita kwa mjamzito, akawaambia wampeleke hospitali. Walikuja na mwenyekiti mwenyewe, kiuno kimeteguka, analia kama ndama, akamwambia mikono yake imestaafu. Na mimi hakunigusa tena. Nikimwamkia, "Shikamoo, mama," aliitikia marahaba, akaninyooshea kifundo cha mkono nikishike, kama mtu aliyetoka kushika uchafu, na kusema yuko kwenye kazi. Alikuwa hayuko kwenye kazi. Nilihama, nikawa nakuja kumsalimu miaka nenda miaka rudi, na kila mara alininyooshea kifundo. Nilijua nilichopaswa kusema. Nilijiambia nitakisema safari ijayo.

Sasa nimefika. Elieshi, mwenye mvi tayari, alinishika mkono akanipitisha kati ya waombolezaji hadi chumba cha ndani. Nyumba ni ya matofali na bati, tembe lilibomolewa zamani, lakini wamemlaza juu ya ngozi ya ng'ombe kama alivyotaka. Akina mama wa kanisani walikuwa wamemaliza mwili. Wakanipisha. Kwenye beseni palikuwa na maji ya uvuguvugu, na pembeni kisahani cha samli. Elieshi akaniambia hilo nalo aliagiza. Nikauosha mkono wa kushoto, nikauosha wa kulia, kidole kimoja kimoja, nikapaka. Vidole vilikuwa vimepinda kuliko nilivyovikumbuka, na kiganja kilikuwa kigumu na baridi. Akina mama waliimba polepole. Nilipotaka kuulaza mkono ule kifuani pake, tumbo langu likajikaza, kama linavyojikaza siku zote. Nikafungua vifungo vya gauni langu mbele ya wale wanawake wote, nikainama hadi magoti yakaniuma, nikauchukua mkono wake wa kulia nikauweka chini ya mbavu zangu, juu ya kovu, na juu yake nikaweka wa kwangu.

"Kanda, mama," nikamwambia.